Siku tisa Japani na mama mwenye maumivu ya magoti: tuone wapi, tuache wapi?

Binti_wa_Tanga

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume anasoma shahada ya uzamili mjini Kyoto, na katikati ya Novemba mimi na mama yetu tutakwenda kumtembelea kwa siku tisa. Viza tumekwisha kupata, na tiketi zetu zinatuingiza Tokyo na kututoa Osaka. Mama ana umri wa miaka 68. Mahali tambarare hutembea polepole bila tabu, lakini ngazi humtesa, na akishazidisha siku moja hulazimika kupumzika siku ya pili yake.

Mdogo wangu, kwa furaha ya kutupokea, ametupangia kila kivutio kinachotajwa: hekalu la Senso-ji na mtaa wa Shibuya mjini Tokyo, ziwa la Kawaguchi kwa ajili ya Mlima Fuji, kisha mahekalu ya Fushimi Inari, Kinkaku-ji na Kiyomizu-dera mjini Kyoto, kulungu wa Nara, kasri la Himeji, Hiroshima na kisiwa cha Miyajima. Nikiutazama mpango huo naona mama atakuwa anashushwa kwenye treni moja na kupandishwa nyingine tu. Naomba mliofika huko mniambie kwa ukweli yapi yanastahili safari na yapi tunaweza kuyaacha bila majuto. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo suala la chakula pia linanihangaisha.

Mkaazi_wa_Osaka

Wa alaykum salaam dada, na umfikishie mama shikamoo yangu. Nimeishi eneo hili mwaka wa sita sasa na nimewatembeza wageni wengi kutoka nyumbani, wakiwemo wazazi wangu. Ushauri wangu ni kwamba mkilala usiku mbili Tokyo, siku zote zilizobaki mfanye Kyoto kuwa kituo chenu, mtoke asubuhi na kurudi jioni, na kila siku muwe na mahali pamoja tu pa kwenda. Novemba majani ya miti hugeuka mekundu na ya dhahabu, na Kyoto hujaa watu kuliko miezi mingi ya mwaka. Anayepanga sehemu tatu kwa siku huishia kuuona umati.

Kwa magoti ya mama, anzeni na Nara. Treni ya kampuni ya Kintetsu itawashusha karibu na bustani ya kulungu kuliko ile ya JR, yaani makampuni makuu ya reli ya Japani, na kutoka hapo njia ni tambarare kwa sehemu kubwa. Kulungu wanaozunguka humo ni zaidi ya elfu moja, na wengi wao humwinamia mtu kichwa wakitaka biskuti zao maalumu zinazouzwa njiani. Mama asishike karatasi mkononi, kwa sababu wataitafuna. Ndani ya hekalu la Todai-ji kuna sanamu ya shaba ya Buddha yenye urefu wa takriban mita 15, iliyozinduliwa mwaka 752. Mwili wake umepitia matetemeko na moto mara kadhaa, na kichwa kilichopo leo ni cha mwishoni mwa karne ya 17. Jengo linaloifunika lilimalizika mwaka 1709, na ingawa ni mojawapo ya majengo makubwa kabisa ya mbao duniani, ni jembamba kwa theluthi moja kuliko lile la kwanza. Mimi hukaa humo zaidi ya saa nzima kila ninapopeleka mgeni.

Fushimi Inari msiiache, ila msiipande yote. Kituo cha Inari ni cha pili kutoka kituo kikuu cha Kyoto kwa treni ya kawaida, na hekalu liko mbele tu ya kituo, halina kiingilio wala saa ya kufungwa. Watu husikia habari za maelfu ya malango mekundu wakadhani ni lazima wafike kileleni, kwenye mita 233. Mahali malango yaliposongamana kabisa ni karibu na chini, kabla ngazi nyingi hazijaanza. Nendeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtakuwa karibu peke yenu. Mkishapita malango kadhaa, mwambieni mama ageuke nyuma, kwa maana unapopanda huoni maandishi yoyote, lakini ukigeuka utakuta kila nguzo imechongwa jina la aliyeitoa na tarehe aliyoitoa. Wengi ni wafanyabiashara, kwa kuwa Inari ndiye mungu anayeombwa mavuno ya mpunga na baraka za biashara. Nguzo hizo ni za mbao, huoza chini kwenye udongo na kubadilishwa, na ukitazama vizuri utaona rangi mbichi kabisa imesimama ubavuni mwa nguzo iliyofifia.

Himeji ningeiacha. Nasema hivyo kwa uchungu, maana ndilo kasri zuri kuliko yote nchini. Mnara wake mkuu ulikamilika mwaka 1609 na ukanusurika mabomu ya mwaka 1945 yaliyouteketeza mji unaouzunguka. Lakini ndani yake ngazi za mbao ni za mwinuko mkali kama za kupandia darini, na mtu huzipanda bila viatu. Kiyomizu-dera nayo ina mlima wa kupanda kabla ya kufika langoni. Kinkaku-ji ni tambarare zaidi na ziara yake ni fupi. Jengo mnaloliona lilijengwa upya mwaka 1955, baada ya mtawa kijana kulichoma moto la zamani mwaka 1950.

Msitegemee mabasi ya Kyoto mwezi huo, hujaa hadi mlangoni. Tumieni treni na teksi. Mtakutana na makala za zamani zinazosifu tiketi ya basi ya siku nzima. Hiyo haiuzwi tena. Pasi ya treni za JR nayo ilipanda bei sana Oktoba 2023, hadi yeni 50,000 kwa siku saba, na kwa safari kama yenu ni nafuu kukata tiketi moja moja.

Mwalimu_Pangani

Nakubaliana na mkaazi kuhusu Himeji, lakini naomba Hiroshima isiachwe. Kutoka Kyoto kwa Shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi, ni chini ya saa mbili, na mjini kuna tramu ambazo baadhi ya njia zake zilirudi kufanya kazi siku tatu tu baada ya bomu la atomiki la tarehe 6 Agosti 1945. Makumbusho ya Amani yana lifti na viti vya kupumzikia. Nilisimama muda mrefu mbele ya baiskeli ndogo ya magurudumu matatu, iliyopinda na kula kutu. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa akiiendesha nje ya nyumba yao bomu lilipolipuka saa mbili na robo asubuhi. Alifariki usiku ule, na baba yake akaizika baiskeli pamoja naye bustanini, kwa kuwa hakuweza kumwacha mwanawe alale peke yake. Miaka arobaini baadaye aliifukua na kuikabidhi makumbusho. Mwandae mama kabla ya kuingia, na msipange kitu kingine kwa saa zinazofuata.

Miyajima iko karibu, lakini laleni usiku mmoja Hiroshima muiendee siku ya pili. Ninyi watu wa pwani mtaielewa kuliko wageni wengine, kwa sababu uzuri wake wote unafuata kujaa na kupwa kwa maji. Mimi nilifika bila kuangalia ratiba ya maji, nikakuta yamekupwa kabisa na lango la hekalu, ambalo maji yakijaa husimama baharini, limesimama kwenye tope. Ilinibidi nisubiri hadi jioni. Lango lile, lililojengwa mwaka 1875 kwa magogo ya mkafuri, halikuchimbiwa ardhini. Linasimama kwa uzito wake lenyewe, na boriti yake ya juu ina uwazi uliojazwa mawe ili kuongeza uzito huo. Hakikisheni mnayaona maji yakijaa na yakipwa pia, kwani yakipwa mama ataweza kulisogelea hadi kuigusa nguzo kwa mkono, na kumbi za hekalu lenyewe ni tambarare.

Abu_Salma

Kuhusu chakula, tatizo kubwa si nyama ya nguruwe inayoonekana, bali ni vitu vinavyofichwa ndani ya supu na sosi. Mirin ni kilevi kitamu cha mchele kinachotiwa hata kwenye samaki na mboga, na supu ya tambi za rameni mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Jifunzeni neno *buta*, yaani nguruwe, na mdogo wako awaandikieni kikaratasi cha Kijapani cha kumwonyesha mhudumu. Migahawa ya halali ipo, hasa Asakusa jirani na Senso-ji, Osaka na Kyoto. Mkipata nafasi, nendeni Kobe mkasali katika msikiti wake. Ulifunguliwa mwaka 1935, ni wa kwanza nchini Japani, na ulibaki umesimama baada ya mabomu ya vita na baada ya tetemeko la mwaka 1995. Kutoka Kyoto ni mwendo wa chini ya saa moja kwa treni ya kawaida ya haraka.

Binti_wa_Tanga

Mungu awalipe kheri nyote. Nimeongea na mdogo wangu na amekubali kuiondoa Himeji na Kiyomizu-dera. Limebaki jambo moja. Mama alifundisha jiografia shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na Mlima Fuji ameuchora ubaoni mara zisizo na idadi. Hataki kuupanda, anataka kuuona tu. Je, ziwa la Kawaguchi linastahili siku nzima?

Mkaazi_wa_Osaka

Dada, kwa siku mlizonazo, hapana. Fuji hujifunika mawingu bila taarifa, na nimeona wageni wakikaa Kawaguchi siku nzima wasiuone. Mtauona mkiwa njiani kwenda Kyoto. Kateni tiketi ya Shinkansen ya asubuhi, saa mbili au saa tatu, kabla mawingu hayajapanda, na mchague viti vya upande wa kulia: herufi E ni dirishani, mpeni mama, wewe kaa D. Mabegi makubwa yatangulizeni siku moja kabla kwa huduma ya kusafirisha mizigo ambayo hoteli yenu itawapigia simu, ili mpande na mikoba tu. Dakika arobaini hivi baada ya kuondoka Tokyo, anzeni kutazama nje. Mama atakumbuka kwamba ni mita 3,776, mfupi kuliko Kilimanjaro wetu wenye 5,895, na kwamba mara ya mwisho kulipuka ilikuwa mwaka 1707, majivu yakafika hadi Tokyo ya wakati huo. Treni ikivuka daraja la mto Fuji mlima huwa wazi kabisa, hauzuiwi na jengo lolote, na ni kwa sekunde chache, kwa hiyo simu ya kupigia picha ishike wewe na mama umwachie macho yake.