Naomba ushauri: ramani ya nchi ya kubuni, nichore kwa mtindo upi?

Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya nchi ya kubuni, visiwa saba na bara lenye milima mingi. Umbo la pwani nimeshalimaliza, nimekwama kwenye mtindo wa kuichora.

Nilianza na vilima vidogo vidogo vinavyoonekana kwa ubavu. Vinapendeza, ila vinameza mito na majina ya miji iliyo nyuma yake. Nikahamia mistari mifupi inayofuata mteremko, minene pale penye mwinuko mkali. Kazi ya siku mbili kwa kalamu ya wino! Nilipoipunguza itoshe ukurasa wa A5, milima yote ikawa doa jeusi. Mke wangu kauliza kama ni ramani ya masizi.

Sasa nimeiga ramani ya mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi ya mwaka 1154: kusini iko juu, milima inajipinda kama nyoka wa rangi, bahari imejaa mawimbi. Huu ndio umeniteka, maana wahusika wangu ni mabaharia, na ramani inafanana na kitu ambacho wangeichora wenyewe. Tatizo, rafiki zangu wawili waliosoma sura za mwanzo walipotea kabisa. Kila mhusika akienda kaskazini, wao macho yanapanda juu.

Je, nibaki na kusini juu na kuongeza dira kubwa, au niigeuze tu? Na kwa mliowahi kuchapa kwa rangi nyeusi pekee: bahari mliitofautishaje na nchi kavu? Nimejaribu vitone, naona kama surua.