Naomba ushauri: konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) bado ina ganzi miezi 5 baada ya leza

Assalaam aleikum wenzangu. Niko kliniki ya macho, Malindi. Mgonjwa alifanyiwa LASIK (upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni) miezi 5 iliyopita; anaona vizuri, ila macho yanakauka, hasa kaskazi ikivuma. Najua neva zilizokatwa pamoja na kifuniko cha konea huchukua miezi 6 hadi 12 kurudisha hisia, na hisia ikipungua, kupepesa na machozi hupungua pia. Nilipogusa konea kwa ncha ya pamba (kabla ya dawa ya ganzi) hakushtuka. Fluoresini (rangi ya kupimia uso wa jicho) inaonyesha vidoa vya seli zilizodhurika upande wa chini wa konea. Tumeacha matone yenye benzalkoniamu (kihifadhi cha dawa), maana hudhuru seli za juu za konea; anatumia machozi bandia yasiyo na kihifadhi kila saa 2. Vidoa havijapungua.

Nianze matone ya seramu (majimaji yanayotengwa kutoka damu yake mwenyewe) ya asilimia 20, au nizibe kwanza vitundu vya kope vinavyoondoa machozi jichoni? Na asiye na friji nyumbani, seramu aihifadhi vipi?