Mawese, maharage na bakteria wa utumbo: kijana aanzie wapi kulinda moyo?

Wa Ujiji: Wakuu, tunaambiwa mlo wa kulinda moyo upangwe kufuata bakteria wa utumbo wa kila mtu. Kijana wa miaka 25 anayekula ugali wa muhogo, dagaa na mchuzi wa mawese karibu kila siku aanze na nini? Apime kinyesi ajue bakteria wake?

Mlishe: Hela hiyo aitumie kupima presha na kolesteroli. Miili inatofautiana kweli: mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walifuatilia watu 800 wakakuta chakula kilekile kinapandisha sukari kwa viwango tofauti, na bakteria ni sehemu ya sababu. Ila walichopima ni sukari, si mshtuko wa moyo.

Kwenye sahani, mkazo uwe maharage. Kikombe cha yaliyoiva kina nyuzinyuzi gramu 13 hivi, na mtu mzima anahitaji angalau 25 kwa siku. Bakteria wakizichachusha hutengeneza butireti, chakula cha ukuta wa utumbo. Wengi huanza na bakuli zima, tumbo linajaa gesi, wanasusa. Anza na vijiko vinne vya mezani kwa siku, ongeza kila wiki, kunywa maji. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yatokote dakika 10 kabla ya kupunguza moto.

Jiko la Mwanga: Na magadi tafadhali yaachwe! Yanaivisha haraka, lakini ni sodiamu ileile inayopandisha presha. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, gramu 5. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi waoshwe maji ya vuguvugu mara mbili, na mchuzi uonjwe kwanza kabla ya kutia chumvi.

Wa Ujiji: Shukrani. Mawese je, tuyaache?

Mlishe: Hapana, yapimwe. Karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, yanayopandisha kolesteroli mbaya: kijiko cha mezani kina gramu 7 hivi. Kwa anayekula kalori 2,000, kikomo cha mafuta hayo yanayoganda ni gramu 22, kwa hiyo vijiko vitatu vimemaliza siku. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hawezi kujua ametia vingapi. Wekundu wake ni karotini, mwili huigeuza vitamini A. Ukiyachoma mpaka yapauke, karotini imekwenda na mafuta yanayoganda yamebaki yote.

Abadili kitu kimoja kwa wakati, apime kolesteroli tena baada ya miezi mitatu.