Ulinganisho: Lipofectamine, PEI au kalsiamu fosfeti kwa virusi bandia vya VVU?

Mwanamaabara: Wanajukwaa, salaam. Tunatengeneza virusi bandia vya VVU, ambavyo huingia katika seli mara moja tu bila kuzaliana, ili tupime uwezo wa kingamwili kuvizuia. Inatubidi kuingiza plasmidi (vipande vya DNA vya mviringo) mbili kwa pamoja katika seli za HEK293T, yaani seli za figo ya binadamu zinazokuzwa maabara: moja ina jeni la protini ya utando wa nje, nyingine ina jenomu ya VVU iliyoondolewa uwezo wa kuitengeneza protini hiyo. Lipofectamine, yaani lipidi zinazobeba DNA hadi ndani ya seli, tumeizoea, ila bei yake inatuelemea kila tunapoongeza sahani. Kipi kinafaa?

Bi Seli: Chukueni PEI (polyethylenimine, aina ya polima) ya mnyororo mnyoofu, yenye uzito wa molekuli wa kilodaltoni 25. Ina chaji chanya, kwa hiyo huishika DNA yenye chaji hasi na kuifanya chembechembe ambazo seli huzimeza. Zikishamezwa, PEI husaidia kupasua kifuko kilichozimeza kabla DNA haijameng'enywa. Anzeni na uwiano wa DNA 1 kwa PEI 3 kwa uzito, kisha jaribuni 1 kwa 2 na 1 kwa 4, kwa sababu ikizidi huua seli. Seli za HEK293T ni rahisi mno kuingizwa DNA. Kutumia lipidi ghali kwa seli hizo ni anasa.

Mzee wa Pipeti: Naongeza kuhusu kalsiamu fosfeti, iliyoanza kutumika mwaka 1973. Hakuna iliyo ya bei nafuu kuliko hiyo, lakini bafa yake (myeyusho unaotunza pH) isipokuwa karibu kabisa na pH 7.05, mashapo yanayobeba DNA huwa makubwa mno au hayatokei, na matokeo ya wiki hii hayatafanana na ya wiki ijayo. Kwa kipimo kinachorudiwa miezi mingi, siipendekezi.

Msomaji wa Malaria: Je, PEI hiyohiyo itatufaa kwa seli T za damu, zile chembe nyeupe za kinga?

Bi Seli: Hapana, ndugu yangu. Seli T zilizotulia huyakataa mengi ya haya, ndiyo maana watu hutumia mshtuko wa umeme. Hata kimelea cha malaria, *Plasmodium falciparum*, huingiziwa DNA kwa umeme, maana kimelea kiko ndani ya chembe nyekundu na lazima DNA ivuke tando kadhaa.

Mwanamaabara: Nimeelewa. Seramu (majimaji ya damu yanayowekwa kulisha seli) niiondoe wakati wa kuchanganya?

Bi Seli: Ndiyo, changanya DNA na PEI katika kimiminika kisicho na seramu, uache dakika 15 hivi, ndipo umwagie seli taratibu. Sahani moja ya majaribio weka plasmidi ya GFP, protini inayong'aa kijani: siku ya pili, ikiwa seli nyingi hazing'ai kijani chini ya hadubini, usipoteze muda kuvuna virusi.