Njia ya baiskeli Mwanza: hela yake inatoka wapi?

Wakuu, kila alfajiri natoa dagaa Mwaloni Kirumba hadi Mabatini kwa baiskeli. Juzi daladala imenibana nikaingia mtaroni, ndoo nzima chini, kuku wa watu wakala sikukuu. Njia ya waenda kwa miguu na baiskeli anailipia nani?

— Pole sana. Barabara za mitaa ziko TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017, barabara kuu TANROADS (wakala wa barabara wa taifa). Zote zinachota Mfuko wa Barabara, ile tozo ya mafuta.

— Kwa hiyo sisi tusionunua petroli hatuhesabiwi?

— Mtumbwi uliovua hao dagaa ulichoma petroli, umeshalipa! Nenda mkutano wa mtaa, hakikisha hoja ya njia imeandikwa kwenye muhtasari, diwani aibebe mapema. Mwaka wa fedha unaanza Julai.

— Ikijengwa, wiki hiyohiyo mitumba itapangwa juu yake.