Dalali wa Mwanga, yule yule mnaemjua, leo kanifanya mimi ndo tapeli

MzeeWaMigebuka (mwanzisha uzi)

Wakuu naandika huku shati limelowa, msinipe pole, nipeni namba ya mtu mwenye gobole. Kuna dalali hapa Mwanga simtaji maana Kigoma nzima mnamjua, yule wa kofia ya ngozi anaeongea kama kameza spika ya mnadani, kila nyumba ya mji huu anayo yeye, hata stesheni ya reli ukimuulizia atakwambia mwenyewe yuko Dar ana shida anaitoa haraka.

Leo asubuhi kala 10,000 yangu ya kuonyeshwa, boda nimelipa mimi, mihogo na chai nimelipa mimi, tukapanda mpaka Gungu. Nyumba safi, vyumba vitatu, mwembe uani, bei ya kutupa. Eti mwenyewe kahamia Mwanza, hati ipo, majirani wote wanajua. Tumefika tu jamaa kaegemea ukuta anaanza kusifia mwembe. Na ule mgongo wake mnaujua. Ukutani nasoma NYUMBA HII, halafu mgongo, halafu UZWI. Nikajua ni inauzwa, alieandika ndo shule ilimpita pembeni.

Mara mlango huo, katoka mama kajifunga khanga, kabeba ndoo ya maji ya kufulia, anauliza nani anauza nyumba yangu. Sasa hapa ndo msome taratibu. Dalali, niliemlisha mihogo mimi, kaninyooshea kidole: "Shikamoo mama, ni huyu hapa, mimi nimemsindikiza tu."

KANISINDIKIZA. Mtaa siujui, nyumba siijui, njia kanionyesha yeye, halafu yeye ndo kanisindikiza! Ndoo ikaja yote na povu lake, jamaa akaruka pembeni kukwepa, na hapo ndo HAI ikajitokeza ukutani, nyekundu, imepigwa rangi mara mbili. Watoto wa Gungu yote wanacheka na yeye anacheka nao, anamwambia mama "matapeli wamezidi siku hizi, ungeita mjumbe." Mjumbe aniitie mimi! Nimemsindikiza tu!

Kibogoyo_og

Pole mkuu ila nimecheka mpaka bosi kaniangalia. Kwa hiyo UZWI hiyo ukaiona sawa tu?

MzeeWaMigebuka

Wewe hujasoma uzi. Hoja ni KANISINDIKIZA.

WakiliWaKijiweni

Hela ya kuonyeshwa hesabu ni sadaka. Ukiambiwa hati ipo, taka nakala, nenda kwa msajili wa hati ufanye upekuzi, utaona ni ya nani na kama benki imeshaishika rehani. Haina hati? Serikali ya mtaa, na uongee na majirani wa pande zote nne bila dalali kuwepo. Na mke asiposaini usitoe hata mia, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59, nyumba ya familia mwanandoa mmoja hauzi peke yake.

Kibogoyo_og

Na ile ndoo nayo angeifanyia upekuzi kwanza 😂

BintiUjiji

Kaka wewe umelowa tu unalia. Mie hapa Ujiji nimeuziwa na mtoto mkubwa wa marehemu, analia machozi kabisa, "nyumba baba kaniachia mimi, dada yangu." Kumbe mahakama ya mwanzo haijamteua msimamizi wa mirathi, fomu namba nne ya uteuzi haijui hata rangi yake, wadogo zake wakaja na mabegi wakalala sebuleni kwangu. Mmoja yupo mpaka leo, anaomba chumvi.

MvuviMstaafu

Afadhali nyie mna nchi kavu. Mimi nililetewa kiwanja cha ufukweni Kibirizi, namwambia dalali mbona nasimama kwenye maji, ananijibu ndo uzuri wake. Ndani ya mita 60 kutoka ziwani sheria ya mazingira ya 2004 haikuachii ujenge, na hata isingekuwepo, Tanganyika ilivyopanda miaka hii si mmeona wenyewe watu walivyobeba mabati.

MuuzajiMwenyeHasira

Wanunuzi nanyi mkome. Mimi ndo nauza, Katubuka, nimesema milioni 28, dalali anawatajia 40, cha juu chote chake, halafu mnakuja kwangu mmenuna mnaniita mwizi. Na mwenyekiti wa mtaa anataka asilimia 10 ya kugonga muhuri, nimemuomba anitajie ni sheria gani, kaniambia muhuri umepotea.

TaboraKwetu

Kigoma mnadeka. Huku kwetu tangu reli ya SGR ya kuja kwenu ianze kujengwa dalali anakuuzia nyumba ina X nyekundu ya kubomolewa ukutani, ukiuliza anasema fundi alikuwa anajaribu brashi.

MvuviMstaafu

Tabora tulia, tukiwaletea dagaa mnauza mnasema wa kwenu.

TaboraKwetu

Na asali mnayolamba huko inatoka wapi? Ziwani?

MzeeWaMigebuka

Jamani naomba turudi kwenye uzi. Mtu kala mihogo yangu halafu anasema

Mpangaji2

Samahani mkuu, huyo mama wa Gungu hana chumba cha kupangisha? Nimefukuzwa Buzebazeba, mwenye nyumba kataka kodi ya mwaka.

BintiUjiji

Anacho, namjua, kimoja cha uani, umeme wa luku unajitegemea. Ila hapendi makelele.

Mpangaji2

Shingapi? Na choo ni cha ndani?

MzeeWaMigebuka

Nyie watu mna roho mbaya.

BintiUjiji

Choo nje ila kina maji. Elfu 40, miezi mitatu. Usiende na dalali.