Kompyuta ya nyumbani inajizima na kujiwasha yenyewe, na kuweka Windows upya hakukusaidia

MamaMapacha

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba msaada kuhusu kompyuta yetu ya mezani, ambayo kwa wiki tano sasa inajizima ghafla na kujiwasha yenyewe bila onyo lolote. Ni kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini, tuliyoinunua hapa Tanga miaka mitatu iliyopita, ina ramu (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na Windows 10, na kazi zake kubwa ni maandalio yangu ya masomo, hesabu za kikundi chetu cha akina mama, na masomo ya watoto.

Asubuhi inaweza kufanya kazi saa nne mfululizo bila tatizo, lakini kuanzia magharibi hadi kama saa nne usiku hujizima mara mbili au tatu. Skrini inakuwa nyeusi, feni inanyamaza kidogo, kisha inaanza upya kana kwamba mtu ameibonyeza. Sijawahi kuona ile skrini ya bluu ambayo Windows huonyesha inapoanguka.

Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akafomati na kuweka Windows upya, na tatizo likarudi baada ya siku mbili. Fundi wa pili anasema madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, imekufa, ninunue kompyuta nyingine. Fedha hiyo hatuna, na juzi nilipoteza hesabu za mwezi mzima nilizokuwa bado sijazihifadhi. Ningependa kujua ugonjwa wenyewe kabla sijalipia dawa ya tatu.

FundiWaya

Pole sana, dada. Usinunue chochote kwanza, kwa sababu Windows huweka kumbukumbu ya kila inapozimika, na kumbukumbu hiyo ndiyo itakayotuambia kama kosa ni la programu au la umeme.

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika eventvwr.msc, kisha ufungue orodha ya System iliyo chini ya Windows Logs. Tafuta saa ambayo kompyuta ilijizima. Ukikuta namba 1074, maana yake kuna programu au mtu aliyeamuru izimike, mara nyingi kwa ajili ya masasisho. Ukikuta namba 41 iliyoandikwa Kernel-Power, kompyuta ilikatika bila kufunga kazi zake. Hapo fungua sehemu ya Details usome thamani ya BugcheckCode. Ikiwa si sifuri, Windows yenyewe ilianguka, na tutachunguza ramu na viendeshi, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa. Ikiwa ni sifuri, mara nyingi Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea.

Vilevile, andika sysdm.cpl kwa njia ileile, nenda kwenye kichupo cha Advanced, bonyeza kitufe cha Settings kilicho chini ya Startup and Recovery, na uondoe tiki kwenye Automatically restart. Baada ya hapo, kama kuna skrini ya bluu inayopita upesi usiione, itabaki palepale uisome.

MamaMapacha

Ahsante sana, kaka. Nimefanya yote. Namba 41 imejirudia mara kumi na moja katika wiki mbili, na kila nilipofungua, BugcheckCode ni 0. Nimeondoa ile tiki, na jana usiku ilijizima tena bila skrini ya bluu.

Kuna jambo nimeligundua kwa kuwa safari hii nilikuwa nimekaa nikiangalia. Friji yetu iko upande wa pili wa ukuta. Ilinguruma kuanza kazi, taa ya sebuleni ikapepesa mara moja tu, kama jicho linavyopepesa, na papo hapo kompyuta ikakatika. Televisheni haikuzimika. Je, friji inaweza kuzima kompyuta?

MzeeWaSaketi

Mwanangu, swali lako la mwisho ndilo lililobeba jibu, na umeangalia vizuri kuliko mafundi wote wawili.

Injini ya friji inapoanza huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi sana, na umeme wa nyumba hushuka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kompyuta imeandaliwa kuvumilia hali hiyo. Ndani ya pawasapulai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, kuna kapasita kubwa zinazohifadhi umeme kama mtungi unavyohifadhi maji, ili mfereji ukikatika kidogo usikose ya kunywa. Pawasapulai nzima huendesha kompyuta kwa takriban milisekunde 16 bila umeme wowote kutoka ukutani. Umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde hutumia milisekunde 20 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo akiba hiyo haifiki hata mzunguko mzima, lakini kwa taa kupepesa huwa inatosha.

Kapasita hizo huzeeka. Joto la miaka mingi hukausha kimiminika kilichomo, na mtungi uliokuwa na ujazo wa kutosha unabaki na maji ya kikombe. Pawasapulai ya namna hiyo huendesha kompyuta vizuri kabisa umeme ukiwa umetulia, na ndiyo maana asubuhi huoni kasoro. Jioni mtaa mzima umewasha taa na majiko, umeme unakuja mdogo kuliko zile volti 230 zinazotarajiwa, na mtungi wenyewe haujazwi hadi juu. Friji ikianza wakati huo, akiba inakwisha. Pawasapulai ina waya mmoja ambao kazi yake ni kuiambia madabodi kwamba umeme ni salama. Ishara hiyo ikiondoka, madabodi husimamisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mara moja, na ikirudi, huanza upya. Hayo ndiyo unayoyaona, na hakuna kufomati kunakoweza kuyagusa.

Jaribio lake halina gharama. Kwa jioni mbili, zima friji kwa saa zile unazofanya kazi, usifungue mlango wake ili chakula kisiharibike, na uangalie. Chomeka pia kompyuta moja kwa moja ukutani badala ya kwenye ekstensheni, kwa kuwa soketi iliyolegea huleta dalili hizihizi.

Ninakusihi jambo moja: pawasapulai yenyewe usiifungue. Kapasita zake kubwa hubeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kijana_Dodoma

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, naomba tusisahau joto. Kompyuta ya kaka yangu ilikuwa ikijizima hivihivi, na tulipopima kwa programu tukakuta prosesa inafika nyuzi 98, kwa sababu pesti iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea ilikuwa imekauka ikawa unga. Ramu nayo ipimwe kwa mdsched.exe, programu ya kupimia iliyomo ndani ya Windows.

MzeeWaSaketi

Marahaba. Umesema kweli, na vumbi lipulizwe kwa hali yoyote. Lakini joto hufuata kazi, na huyu dada anaandika hesabu, hachezi michezo mizito. Kompyuta iliyozidiwa na joto kwa kawaida huzimika ikabaki imezimika, na ukiiwasha papo hapo huzimika tena upesi. Ya kwake inarudi na kuendelea kwa saa nzima. Ramu mbovu nayo mara nyingi ingeacha skrini ya bluu na namba isiyo sifuri.

MamaMapacha

Shikamoo mzee, na habari za siku nyingi ndugu zangu. Nimechelewa kurudi kwa kuwa nilitaka nije na majibu kamili.

Jioni mbili bila friji, kompyuta haikujizima hata mara moja. Jioni ya tatu niliiwasha friji kama kawaida, na saa mbili kasoro robo ikakatika. Kompyuta nilikuwa nimeichomeka ukutani siku zote tatu. Nikaenda kwa fundi wa tatu nikamwomba pawasapulai tu. Nilitaka kununua ya kwanza niliyoonyeshwa, lakini akafungua kasha, akanionyesha kwamba yetu haina ile plagi ya kawaida ya pini 24, bali ina ndogo ya pini 6. Aliniambia kompyuta nyingi za ofisini ziko hivyo, na ningenunua bila kutazama isingeingia. Tulisubiri siku nne akaipata iliyotoka kwenye kompyuta ya aina ileile, akaijaribu mbele yangu.

Ya zamani aliifungua yeye mwenyewe baada ya kuhakikisha haina umeme. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwani kama maandazi, na moja imeacha doa la kahawia kwenye kibao chake. Niliomba nizipige picha ili wanangu wazione.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Friji inanguruma, taa inapepesa, kompyuta inaendelea. Namba 41 haijaonekana tena.

FundiWaya

Hongera, dada. Taa kupepesa kila friji inapoanza si jambo la kuachwa. Mwite fundi umeme akaze nyaya kwenye soketi ya friji na kwenye mita ndogo ya ndani, kwani muungano uliolegea hupata moto. Ukipata UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika) hata ndogo, iwekee kompyuta peke yake, friji usiichomeke humo.

MamaMapacha

Nimekuelewa, kaka. Fundi umeme atakuja Jumamosi.